Gari Kuukuu na Haki ya Anayepanda



Mtu akinunua gari kuukuu kwa bei ndogo, akalitengeneza, akalipaka rangi mpya, akalivisha viti vizuri na kuliandika nyuma jina alipendalo, je, amefanya jambo jema, au amefanya upuuzi, au pengine amefanya udanganyifu? Swali hili laonekana kuwa dogo. Wengi watajibu upesi kwamba mali ni yake, na kila mtu yu huru na mali yake. Lakini tukilitazama kwa makini tutaona kwamba ndani yake mna jambo zito linalohusu roho za watu na ukweli baina ya mwenye kuuza na mwenye kununua.

Tuuchukue mkoa wa Mara uwe mfano wetu. Msomaji aliyeko Tanga, Unguja au Mombasa huenda akauona mkoa huo uko mbali naye, lakini umbali huo ndio unaoufanya uwe mfano mzuri. Mji wa Musoma uko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Bunda iko kusini yake, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari, mpakani mwa Kenya. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, iko bara ya ziwa, na mtu huifikia kwa kuiacha barabara kuu. Baina ya miji hii mitatu watu hawatulii. Samaki hutoka mwaloni Mwigobero, pamba hutoka mashambani Bunda, wagonjwa huenda hospitali, na wageni huenda Butiama kulitazama kaburi na jumba la makumbusho. Si kila mmoja wao anayeweza kulingoja basi. Kwa hiyo magari madogo, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa huyaita michomoko, hujaza pengo hilo, na mengi ya magari hayo yalikwisha kutumika kwa watu wengine kabla ya kufika huko.

Gari la namna hiyo hufikaje Mara? Mara nyingi huanza Japani. Huko gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Gari likizeeka, mwenyewe huona afadhali kuliuza kuliko kulihudumia. Huvuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha huenda bara zaidi ya kilomita 1,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba baina ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha tumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na sehemu kubwa yakaingia nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Majirani zetu wameweka mipaka: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 iliyakataa yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuufunga mlango, bali huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Basi gari lifikapo mikononi mwa kijana wa Musoma, huenda limekwisha kuwa na mabwana watatu au wanne, na kila mmoja ameliachia kovu lake.

Kufufua Si Aibu

Wako wanaowacheka wenye mikweche. Kicheko hicho hakina msingi. Mwenye kukitupa kitu kinachoweza kutengenezeka ndiye anayestahili kuulizwa, si yule anayekiokota na kukifufua. Wazee wetu hawakuitupa jahazi kwa sababu ubao mmoja umeoza. Waliipandisha pwani, wakautoa ubao, wakatia mwingine, wakakalafati kwa pamba, wakaipaka sifa na deheni, ikarudi majini. Ubahili haukuwa sababu yao. Waliheshimu kazi ya mikono na neema ya mti uliokatwa.

Na walioishi Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka kwamba fundi ndiye aliyeiendesha nchi. Fedha za kigeni zilikuwa haba, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliongeza uzito, vipuri havikupatikana, na mafuta yalipungua hata magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Dar es Salaam, watu walisafiri kwa magari yaliyofungwa mabenchi, yaliyoitwa chai maharage, na mwaka 1983 serikali ikawaruhusu wenye magari binafsi kuchukua abiria, ndipo jina la daladala likaenea. Mengi ya magari hayo yaliponywa chini ya miembe, na mafundi ambao hawakuwa na chombo ila spana, nyundo na akili. Basi kufufua ni hekima. Kwa hilo hatuna ubishi na mtu.

Ni Gari Lile Lile?

Hapa huja swali la wenye kupenda kufikiri. Jahazi iliyobadilishwa ubao mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, hata usibaki ubao wa awali, je, ni jahazi ile ile? Na gari lililotiwa injini nyingine, milango ya gari jingine, viti vya gari la tatu na rangi ambayo kiwandani halikuwa nayo, je, ni lile lililotoka Japani?

Sheria ina jibu lake. Huitazama namba iliyogongwa kwenye chasisi, nayo ndiyo mkuku wa gari. Ukibadilisha injini au rangi, yakupasa kupeleka habari Mamlaka ya Mapato ili kadi ya gari iandikwe upya, kwa sababu kadi ni ushahidi, na ushahidi usiolingana na kitu chenyewe ni uongo hata kama umepigwa mhuri. Lakini maadili yana jibu jingine zaidi ya hilo. Vipande vyote vya gari vyaweza kubadilika, ila kimoja hakibadiliki: liko chini ya dhamana ya mtu. Kila linapouzwa, dhamana huhama pamoja na ufunguo. Kwa hiyo gari huwa lako kikweli pale unapozijua aibu zake na kuwa tayari kuulizwa juu yake. Jina lako kuandikwa kwenye kioo hakutoshi. Aliyelifungua gari mwenyewe, akaona kilicho kizima na kilicho kibovu, hana tena udhuru wa asiyejua.

Utaratibu wa Haki

Tuchukue kijana ambaye amenunua Corolla ya zamani kwa shilingi milioni 3, na mfukoni amebakiwa na shilingi milioni 2. Macho yake yanamwambia apige rangi, aweke rimu za kung'aa, afunge redio kubwa na taa za mbele zenye mwanga mkali. Akili yake yapasa imwambie neno jingine. Fedha hizo hazitoshi kwa yote. Lazima kitu kimoja kitangulie na kingine kingoje. Basi kipi kitangulie?

Kanuni yetu ni hii: kitangulie kile ambacho ndani yake mna haki ya mtu mwingine, kisha kile kinacholinda mali yenyewe, na mwisho kile kinachomfurahisha mwenye gari. Breki si zako peke yako. Ni za abiria aliyeketi nyuma, na za mwanafunzi anayevuka barabara Bunda mjini, na za mama anayeteremka kilima cha Butiama na kuni kichwani. Kadhalika usukani, matairi, taa na mikanda. Watu hao hawakutia sahihi katika ununuzi wako, wala hawakuulizwa kama wanakubali hatari. Kwa hiyo haki yao iko mbele ya raha yako.

Na wengi hukosea hapa kwa kutojua. Mafuta ya breki, kwa mfano, hunyonya maji kutoka hewani kidogo kidogo. Yakikaa miaka, hata kama kikopo kimejaa, maji yale huchemka breki zinapopata moto kwenye mteremko mrefu, na kanyagio huzama chini bila gari kusimama. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Tairi nalo laweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limekufa, kwa maana mpira hukauka kwa umri. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu 4: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Palipoandikwa 2311 ni juma la 23 la mwaka 2011. Tairi hilo ni zee, hata muuzaji akiliita jipya. Moshi pia husema. Wa samawati hueleza kwamba injini inakula oili. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto hueleza kwamba maji yanaingia mahali pasipo pake, pengine gasketi imekufa. Na mweusi hueleza kwamba petroli inachomwa ovyo. Na kile chombo cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, ambacho mafundi hukiita masega, wengine hukitoa na kukiuza kwa ajili ya madini yaliyomo. Faida huingia mfukoni mwa mmoja, na sumu huingia vifuani mwa wote. Hiyo nayo ni haki ya wengine iliyouzwa bila idhini yao.

Huenda mtu akasema: maneno haya ni ya wenye nacho, mimi fedha za breki sina, na gari ndilo riziki yangu. Tunamwelewa, na hatumdharau. Lakini umaskini wa mtu haumpi ruhusa ya kumkopa mwenzake roho yake. Gari likisimama uani mwezi mmoja likingoja breki, hasara yake yahesabika. Likitembea bila breki, hasara yake haihesabiki. Huyu naye aendelee hatua kwa hatua: breki mwezi huu, tairi mwezi ujao, na abiria wangoje mpaka gari liwe la kupakia abiria.

Na liko jambo gumu zaidi. Usiku wa manane, katika kijiji cha ndani ya Butiama, mama mjamzito ameshikwa na uchungu, na gari lililopo ni moja tu, breki zake dhaifu. Mwenye gari akatae? Hapana. Dharura hukiruhusu kilichokatazwa, lakini kwa kadiri yake tu. Aende naye, aende polepole, awaambie ukweli waliopanda, na akirudi alisimamishe gari mpaka litengenezwe. Kosa ni kuigeuza dharura ya usiku mmoja iwe biashara ya kila siku.

Pambo Lina Ulimi

Basi je, pambo ni haramu? La hasha. Binadamu hupenda uzuri, na uzuri ni neema. Watu wa pwani ndio wa mwisho kuweza kulikataa pambo, wao wenye milango ya nakshi Lamu na Unguja, na majahazi yenye majina na rangi. Hata kazi ya kulipamba gari huleta kheri: anayelipenda gari lake huliosha, na anayeliosha huona mvujo wa oili mapema. Kijana aliyeshona vitambaa vya viti mwenyewe, au aliyeinyoosha bodi kwa mkono wake, amejifunza kazi, na huenda kazi hiyo ikamlisha kesho.

Lakini tukumbuke kwamba mlango wa nakshi usiofunga si mlango. Na tukumbuke kwamba pambo husema. Rangi mpya humwambia anayetazama: nimetunzwa. Viti vizuri humwambia abiria: keti, uko salama. Maneno hayo yakiwa kweli, pambo ni shahidi mwadilifu. Yakiwa si kweli, pambo ni shahidi wa uongo, na aliyelipaka ndiye aliyemfundisha kusema. Puti ikijazwa mahali palipooza kwa kutu, ikapigwa msasa na kupakwa rangi, bati halikupona, limenyamazishwa tu. Watu wa pwani wanajua jambo hili kuliko wengine, kwa maana hewa ya chumvi hula gari kutoka chini, mahali ambapo jicho halifiki. Gari lililoishi pwani miaka mingi laweza kufika Musoma liking'aa juu na huku chini limetoboka.

Tena kuna mapambo ambayo hayadanganyi lakini yanaudhi. Taa kali inayompofusha dereva anayekuja usiku katika barabara ya Bunda haimwonyeshi mwenye nayo njia kadiri inavyomnyima njia mwenzake. Ekzosi iliyotobolewa ili ingurume huwaamsha wagonjwa na watoto. Pambo la kweli halimgharimu jirani.

Na yapo maandishi. Wengi wetu hubandika nyuma ya gari jina la Mwenyezi Mungu au dua ya safari. Ni jambo zuri. Lakini twajua habari ya yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Dua iliyobandikwa juu ya gari lisilo na breki ni ngamia asiyefungwa. Na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, mtu akiibandika bila gari lake kukaguliwa, amebandika uongo mbele ya macho ya watu wote.

Siku ya Kuuza

Mtihani mkubwa huja siku ya kuuza. Aliyelifufua gari ndiye anayelijua zaidi kuliko wote, na ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Mnunuzi atoka Tarime au Mwanza, aiona rangi, aisikia redio, avutiwa. Haoni kwamba kilomita zimerudishwa nyuma, wala kwamba chasisi iliwahi kupinda na kunyooshwa. Je, muuzaji aseme?

Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu ndani. Mwenye rundo akaeleza kwamba mvua ilinyesha. Akaambiwa kwamba alipaswa kuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, na akaonywa kwamba mdanganyifu si katika watu wake. Tazama, ndugu msomaji: yule mtu hakuambiwa aitupe nafaka iliyolowa, wala hakukatazwa kuiuza. Aliambiwa aiweke juu. Basi na kutu iwekwe juu. Gari bovu kuuzwa si kosa. Kosa ni ubovu kufichwa. Ndiyo maana wanazuoni wa fikihi wakampa mnunuzi hiari ya aibu, yaani haki ya kukirudisha kitu akigundua kasoro ya zamani iliyofichwa.

Mtu atasema: nikizitaja aibu zote, hatanunua mtu. Si kweli. Watanunua, ila kwa bei ya haki. Kile kinachopotea ni ile ziada iliyotokana na kutojua kwa mnunuzi, na ziada hiyo haikuwa yako tangu mwanzo. Tena Musoma, Bunda na Butiama ni miji ambayo watu wake hukutana sokoni na misibani. Muuzaji aliyesema kweli mara moja hupata wanunuzi wa maisha. Na kama gari ulilouza limekosa breki mteremkoni na ndani yake mna watoto, utajibu nini ukiulizwa kama ulijua?

Neno kwa Wenye Nyumba

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa Rais, na magari hayakumkosa. Hatuitaji safari hiyo ili watu wayaache magari. Twaitaja kwa sababu yatukumbusha kwamba heshima ya msafiri haitokani na chombo alichopanda.

Basi mwanao akikuletea gari kuukuu uani, usimcheke, wala usimkataze kulipamba. Muulize maswali matatu. Umetengeneza nini ambacho mimi sikioni? Nani atakayeumia kikiharibika? Na ukiliuza kesho, utamwambia mnunuzi maneno haya haya unayoniambia mimi? Akiyajibu yote bila kuinamisha macho, mpe fedha za rangi, na rangi aichague mwenyewe.